Unataka tovuti ya biashara yako ndogo? Kabla hujauliza bei, uliza domeni itakuwa kwa jina la nani

FundiTovuti

Wakuu habari za jioni.

Hili bandiko nimelipiga danadana muda mrefu, leo acha nilitue tu, mods wakiona linafaa jukwaa lingine walihamishe.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu wenye biashara ndogo ndogo, maduka, saluni, kampuni za utalii zenye gari mbili, wapishi wa shughuli, mafundi aluminiamu, wapiga picha. Na siku hizi kazi nyingi zinazonijia ni za uokoaji. Mtu anakupigia, kaka tovuti yangu imepotea. Nani alikutengenezea? Kuna kijana mmoja. Kijana yuko wapi? Hapokei simu, nasikia kahamia Mwanza. Domeni ilisajiliwa kwa imeili gani? Hajui. Hosti iko kampuni gani? Hajui. Haya unayo paswedi hata moja? Anakutumia ya Instagram.

Sasa hapo unamsaidiaje mtu? Mara nyingi inabidi kuanza upya na jina jipya, na lile la zamani ambalo limeshaandikwa kwenye kadi, kwenye gari, kwenye fulana za wafanyakazi, linabaki linaelea au linanyakuliwa na watu wa kubeti, mteja wako mzee wa heshima anafungua anakutana na odds.

Ndo maana nasema rangi na muundo vije baadae. Tovuti ina vitu vitatu ambavyo watu wanauziwa kwa mkupuo mmoja wa "laki tatu kila kitu". Kuna domeni, yaani lile jina linaloishia na .co.tz au .com. Hilo hulinunui likawa lako milele, unalilipia mwaka hadi mwaka. Za .tz unasajili kupitia mawakala, wanaitwa wasajili, bei nnazokutana nazo ni 20,000 na kitu mpaka 30,000 na kitu kwa mwaka, .com inacheza kwenye dola 10 mpaka 15. Kuna hosti, ambayo ni kompyuta ya kampuni fulani inayowaka saa 24 na mafaili yako yamekaa humo, hii nayo ni ya kulipia kila mwaka. Halafu ndo kuna tovuti yenyewe, kurasa, picha, maandishi, na database (hifadhi ya taarifa za tovuti) kama ipo.

Kati ya hivyo vitatu hosti unaweza kuhama leo kesho, tovuti inaweza kujengwa upya wiki moja, domeni ndo ikipotea imepotea. Na ndo hiyo hiyo watu wanamuachia fundi. Kununua kiwanja halafu hati ukamuandikisha fundi mjenzi, nani anafanya hivyo? Lakini kwenye domeni watu wanafanya kila siku, tena fundi mwenyewe wala si mwizi, ana wateja wengi kawasajilia wote kwa akaunti yake moja kwa urahisi wake, siku akipata ajira nzuri akaachana na mambo haya nyote mnazimika kwa pamoja.

Kwahiyo ukitaka tovuti, fungua imeili ya biashara kwanza (ya biashara jamani, isiwe ya mpwa wako anayejua mambo ya mitandao), nenda kwa msajili mwenyewe, fungua akaunti kwa imeili hiyo na namba yako ya simu, lipia mwenyewe kwa M-Pesa au Airtel Money, dakika 15 umemaliza. Fundi mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi yake, akimaliza badili paswedi. Fundi akinuna kwa hilo, tafuta mwingine.

Na vya bure vya kukaa kwa watu msivitegemee sana. Mnakumbuka domeni za bure za .tk na .ml? Ile kampuni iliyokuwa inazigawa ilisimamisha usajili 2023, na 2024 ikatangaza inatoka kabisa kwenye biashara ya domeni. Google nao walikuwa na tovuti za bure kwa wenye biashara, unajaza jina na picha inajitengeneza yenyewe, Machi 2024 wakazima zote. Google hao! Wenye domeni zao walihamishia kwingine maisha yakaendelea.

Haya, tuje kwenye tovuti yenyewe. Mtu anayefungua tovuti ya biashara yako anataka kujua mnauza nini, bei inaanzia ngapi, mko wapi, mnafungua saa ngapi na anawapataje. Basi. Sasa fungua tovuti nyingi za kwetu, unapokelewa na "Karibu kwenye tovuti yetu, sisi ni kampuni inayoongoza kwa utoaji wa huduma bora", chini yake wazungu wamevaa suti wanapeana mikono, wakati mwenye kampuni anauza vigae Tabata. Ukishuka kuna Dira, kuna Dhamira, kuna Maadili ya Msingi. Bei ya vigae hakuna. Namba ya simu ipo ila imeandikwa ndani ya picha, mtu akiigusa haipigi, aanze kuikariri namba kumi huku anarudi kwenye dayala. Weka namba kama maandishi inayoguswa ikapiga, na weka linki ya WhatsApp, inaandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Wengi wanaweka 07 pale ndo maana linki zao hazifunguki.

Picha. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoua tovuti nyingi. Picha ya simu ya kawaida siku hizi ni MB 3 mpaka 5. Mwenye duka anakutumia picha kumi, fundi anazipandisha kama zilivyo, ukurasa wa mwanzo unakuwa MB 40. Mteja wako yuko kwenye daladala ana bando la siku la MB mia na kitu, unataka amalizie theluthi kwako? Hasubiri, anarudi nyuma. Picha hiyo hiyo ukiipunguza upana uwe piseli 1200 na ukaihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha nyepesi) inashuka mpaka KB 100 au 150 hivi, na kwa macho hutaona tofauti. Kuna kitu kinaitwa Squoosh, kinafanya hiyo kazi ndani ya broza bure. Ukimaliza pima tovuti kwa PageSpeed Insights (kipimo cha Google cha kasi ya tovuti) upande wa simu, usipime upande wa kompyuta ukajisifia.

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ndo wengi tunaitumia, ipo tangu 2003, bure, zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni themu (sura ya tovuti) na plagini (programu za nyongeza) za wizi, zile za kulipia ambazo mtu kazivunja anazigawa bure. Mule ndani kunakuwa na mlango wa nyuma. Unakuja kushtukia Google inaonesha tovuti ya saluni yako imejaa maandishi ya Kijapani ya kuuza viatu na mikoba feki, hiyo ni hacking maarufu kabisa. Pia WordPress inataka kusasishwa, kama hakuna mtu atakayeingia kubonyeza apdeti na kuchukua bakapu hata mara moja kwa mwezi basi bora tovuti ya kurasa nne za HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti) tupu, haina database, haina plagini, hakuna cha kuvunja.

La mwisho ni kale kakufuli juu. Kuna watu wanatozwa laki kwa mwaka eti cheti cha SSL, kile kinachoficha mawasiliano kati ya mteja na tovuti. Shirika la Let's Encrypt wanatoa bure tangu mwisho wa 2015, hosti nyingi zinakiweka zenyewe na kukihuisha zenyewe maana kinadumu siku 90. Bila hicho cheti Chrome inaandika Not secure tangu Julai 2018. Kwa duka la kawaida cha bure kinatosha kabisa.

Maswali karibuni, najibu nikipata nafasi.

MzeeWaVitenge

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nakupinga. Nina duka Kariakoo mwaka wa ngapi sijui huu, wateja wangu wako Instagram na kwenye status za WhatsApp, wa mikoani wananitumia picha ya kitenge wanachotaka, nawatumia kwa basi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza tovuti. Nilipe kila mwaka kwa ajili ya nani?

Kibwengo

Nimekaa pale nasubiri fundi ajibu 😂

FundiTovuti

@MzeeWaVitenge mzee wangu shikamoo, na kwa biashara yako nakuunga mkono, usitengeneze. Mtu akija kwangu na maelezo kama yako namwambia hela yako kanunulie mzigo. Ila fanya mambo mawili yasiyo na gharama. Moja, jisajili Google Business Profile ili duka lionekane kwenye ramani na saa za kufungua, Kariakoo pale mtu mgeni anazunguka nusu saa kutafuta mtaa. Mbili, namba za wateja wako zihifadhi nje ya WhatsApp, hata kwenye daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vyote vilizima kwa pamoja kama saa sita dunia nzima, siku ile mtu aliyekuwa na namba kwenye daftari alipiga simu akauza.

Tovuti inamlipa mtu ambaye mteja wake hamjui na anamtafuta kutoka mbali. Mtalii wa Ujerumani hawezi kumtumia dola elfu mbili mtu wa Arusha mwenye Instagram tu. Kampuni inayoomba zabuni, wakikuangalia ukawa unatumia imeili ya gmail na huna hata ukurasa, wanakuweka pembeni. Shule binafsi, mzazi aliyeko Muscat anataka kuona ada. Muuza vipuri vya mashine fulani adimu, mtu wa Mbeya anaandika jina la kipuri Google. Hao ndo wateja wa huu uzi.

MzeeWaVitenge

Marahaba. Hapo umeongea kiume, nilidhani utanilazimisha. Hiyo ya ramani ntamwambia kijana wangu aniwekee.

FundiTovuti

Akiweka hakikisha akaunti ya Google ni yako mzee, yeye awe msaidizi tu 😄

DadaWaJambiani

Asalaam aleikum jamani. Mie nna nyumba ya wageni vyumba sita, Jambiani. Wageni wengi wananijia kupitia mitandao ya kubukia, wanakata kama asilimia 15 kila mgeni, na mgeni akija ananambia nilikutafuta Google kwa jina nikakosa nikarudi kulekule kwenye kubukia. Tovuti nnayo, alinifanyia mtoto wa jirani zamani, lakini haifunguki kwenye simu vizuri, maandishi madogo kama dawa ya mbu. Nifanye mpya au hii irekebishwe? Na hiyo habari ya domeni imenitia wasiwasi, sijui iko kwa jina la nani.

FundiTovuti

Waaleikum salaam dada. Wewe ndo mtu hasa ambaye tovuti inamlipa, maana mgeni mmoja tu wa usiku saba akija moja kwa moja, ile kamisheni uliyookoa inalipa domeni na hosti ya mwaka na chenji inabaki.

Anza na domeni kabla hujagusa kitu. Andika WHOIS kwenye Google, ingia moja ya hizo tovuti za kuangalia, weka jina la domeni yako. Itakuonesha imesajiliwa kampuni gani na inaisha lini. Kama ni .com jina la mmiliki mara nyingi limefichwa tangu sheria za Ulaya za 2018, ila msajili na tarehe utaviona. Halafu mtafute huyo mtoto wa jirani kwa upole, usiende na shari, muulize imeili aliyotumia.

Tovuti kama ni ya zamani na haikai vizuri kwenye simu fanya mpya, kurekebisha utalipa mara mbili. Weka picha za vyumba vyako halisi, choo na bafu pia wanapenda kuona, umbali wa kutembea mpaka ufukweni, umeme ukikatika kuna jenereta au sola, maji yakoje, wifi inafika chumbani au mapokezi tu. Andika bei kwa msimu. Na andika waziwazi kwamba akibuki moja kwa moja anapata nini, kifungua kinywa au kupokelewa uwanja wa ndege, ila soma mkataba wako na hao wa kubukia kwanza, mingine ina masharti kuhusu bei unazotangaza kwingine. Kiingereza kiwe kizuri, mpe mtu anayejua apitie. Kuna hata domeni za .hotel.tz ila mie ningebaki na hiyo ambayo wageni wameizoea kama tunaweza kuipata.

Chuo_Dodoma

Wakuu mimi niko mwaka wa pili, sina biashara, nataka kutengeneza tovuti yangu binafsi niweke kazi zangu na pia nina wazo la kukusanya majina ya vyakula vya kwetu Kagera na jinsi ya kuvipika maana bibi anazeeka na hakuna aliyeandika. Sina hela kabisa ya hosti. Nianze na WordPress au nijifunze kuandika kodi mwenyewe? Kuna jamaa kaniambia HTML imepitwa na wakati.

MpigaKodi_Mstaafu

Huyo jamaa aliyekuambia HTML imepitwa na wakati mwambie afungue tovuti yoyote duniani abonyeze view source.

Dogo jifunze HTML na CSS (ya kupanga mwonekano), mwezi mmoja wa kukaa chini kweli unatosha kutengeneza hicho unachotaka. Tengeneza ukurasa mmoja wa chakula kimoja, kwa mkono, bila fremuweki (kodi iliyoandaliwa tayari), kisha wa pili, utaanza kuona vitu vinavyojirudia na hapo ndo utaelewa kwa nini watu waligundua hizo fremuweki. Mafaili yako weka GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti, bure, cheti cha kakufuli bure, utapewa anwani inayoishia github.io. Ukipata hela sajili .me.tz au .co.tz uielekeze hapohapo, hosti bado bure. Umejifunza na git (ya kutunza matoleo ya kodi) juu yake, ambayo ukienda kuomba kazi wataiuliza.

Na bibi mrekodi sauti kwanza kabla ya kuhangaika na rangi. Tovuti utaijenga hata mwakani.

Kwa mtoa mada, nakubaliana na wewe karibu kila kitu ila hapo kwenye kumwambia mteja asajili domeni mwenyewe, wewe unaongelea wateja wanaojielewa. Mimi nimekutana na mteja kasajili mwenyewe, kaandika imeili kwa kukosea herufi moja, barua za kukumbushwa kulipia zinaenda kwa mtu asiyejulikana, domeni ikafa. Bora fundi awe na nakala ya tarehe zote.

FundiTovuti

@MpigaKodi_Mstaafu hapo uko sahihi mkuu, kumiliki awe mteja, kukumbusha tukumbushe sisi. Na mtu akiweza alipie miaka miwili au mitatu kwa mpigo, bei yenyewe si ya kuumiza.

@Chuo_Dodoma msikilize huyo, sina cha kuongeza. Ila ukiandika mapishi weka vipimo, "chumvi kiasi" ya bibi haimsaidii mtu aliyeko Finland anataka kupika ndizi.

Kibwengo

Ndizi Finland atazipata wapi

Chuo_Dodoma

@Kibwengo zipo, shangazi yangu yuko huko ananunua duka la Waasia 😂 asanteni wakuu, naanza leo.

NakuruMtaani

Niaje wazito, mimi niko Kenya lakini hii stori ni ile ile tu, hapa pia watu wanawekewa domeni na mtu wa saiba halafu anapotea nayo. Kwetu .ke iko chini ya KeNIC. Swali langu ni malipo. Niko na duka la online la vifaa vya salon, natumia WordPress na WooCommerce (plagini ya duka), wateja wanalipa till (namba ya malipo ya M-Pesa) halafu wananitumia screenshot, na kuna screenshot fake siku hizi mpaka unashangaa. Nataka ile ya mteja kubonyeza lipa na PIN inaulizwa kwa simu yake hapo hapo. Nimeambiwa ni pesa mingi kutengeneza, ni ukweli?

FundiTovuti

@NakuruMtaani karibu sana jirani. Kwa Kenya ninyi mko pazuri kuliko sisi, Safaricom wana Daraja, ambayo ni API yao (njia ya tovuti kuongea na mfumo wao), mtu anajisajili anapata mazingira ya majaribio bure, na plagini za kuunganisha na WooCommerce zipo. Ili uingie kwenye malipo ya kweli unahitaji till au paybill ya biashara yenye nyaraka zake. Gharama ni ya fundi kuunganisha na kupima. Akishaunganisha mwambie akuoneshe oda inabadilika yenyewe kuwa imelipwa BILA mtu kubonyeza, na akuoneshe kinachotokea mteja akikataa kuweka PIN, maana wengi wanapima njia ya furaha tu, yaani malipo yakikubali, halafu oda zinaning'inia.

Kama hutaki kuhangaika na hiyo, kuna madalali wa malipo kama Pesapal, wanakukata asilimia kidogo kila muamala lakini unapata M-Pesa na kadi kwa pamoja. Huku Tanzania ndo wengi tunapitia kwa watu kama hao, maana mteja mmoja yuko Voda, mwingine Airtel, mwingine Halotel, ukitaka kuunganisha mmoja mmoja utazeeka. Wataomba cheti cha BRELA, TIN, akaunti ya benki ya biashara, kwahiyo kama hujasajili biashara tovuti yako haitapokea malipo yenyewe, utabaki na Lipa Namba.

Na kwa oda chache kwa wiki, Lipa Namba na kuhakikisha kwenye meseji ya simu YAKO kabla ya kutuma mzigo inatosha. Screenshot si risiti.

NakuruMtaani

Hio ya kukataa kuweka PIN hakuna mtu aliwahi kuniambia, ahsante boss.

NesiMtaani

Naomba kuuliza, sisi ni zahanati ndogo Morogoro, bosi anataka tovuti yenye fomu mgonjwa ajaze jina, simu na tatizo linalomsumbua ili apangiwe muda. Ni sawa?

FundiTovuti

Jina na simu sawa, tatizo linalomsumbua litoe dada. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na kuna Tume yake kabisa. Mwambie bosi aulizie usajili wao huko kwanza. Kwenye fomu weka tu "chagua siku na saa", mengine mgonjwa ataongea na daktari. Na hizo fomu nyingi za WordPress hutuma imeili ikaangukia spamu, mwambie fundi atume kwa SMTP (seva ya kutuma imeili) ya imeili yenu wenyewe na aweke SPF na DKIM (rekodi za kuthibitisha barua imetoka kwenu), ajaribu kutuma kwenda Gmail mbele yako.

MpigaKodi_Mstaafu

Hakuna aliyegusa swali la hosti ya ndani au ya nje, acha nilianzishe maana watu wanabishana sana. Wageni wako wakiwa Ulaya, weka Ulaya. Wakiwa Dar na Arusha, ya ndani ina faida yake, na wengi hawakuiona mpaka tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya nje ikawa ya kuchechemea nchi nzima, ila vitu vilivyokuwa kwenye seva za ndani vilikuwa vinafikika maana mitandao ya hapa inakutana hapahapa Dar kwenye TIX (kituo cha kubadilishana intaneti), haiendi baharini.

Kasoro ya hosti zetu nyingi ni msaada kwa wateja, Jumamosi jioni ikizima utaongea na ukuta mpaka Jumatatu. Bakapu weka kwako, iwe ndani iwe nje.

FundiTovuti

Na ya ndani unalipia kwa simu, mtu asiyekuwa na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni hilo peke yake linaamua. Ila bakapu kwako, hilo nalipigia mstari. Pakua faili ulihifadhi kwenye Drive au kompyuta yako. Bakapu iliyokaa kwenye hosti ileile inaungua nayo.

DadaWaJambiani

Nimerudi. Nimetazama hiyo WHOIS, ni .com, inaisha mwezi ujao! Mtoto wa jirani nimempata, yuko Dubai anafanya kazi, wala hana tatizo, amesema domeni imo kwenye akaunti yake na nyengine nyingi, yuko tayari kunipa. Nimwambieje afanye?

FundiTovuti

Alhamdulillah, umewahi. Njia ya haraka kuliko zote, fungua akaunti yako kwa msajili huyohuyo aliyenaye yeye, halafu akusogezee domeni ndani kwa ndani kwenda akaunti yako, wasajili wengi wanaruhusu na huchukua muda mfupi. Ukishaipokea badili imeili na jina viwe vyako na uilipie palepale.

Kama unataka kuhamia msajili wa hapa nyumbani, yeye aifungue kufuli ya uhamisho na akupe ile namba ya siri ya kuhamisha, wanaiita auth code au EPP code. Wewe unaanzisha uhamisho kwa msajili mpya, unalipia mwaka mmoja ambao unaongezeka juu ya uliobaki, inachukua siku tano mpaka saba. Mwambie ASIBADILI jina la mmiliki kabla ya kuhamisha, wasajili wengi wakiona jina limebadilika wanafunga uhamisho siku 60, na wewe mwezi ujao inaisha. Na kabla ya yote akupigie picha ya ukurasa wa DNS (unaoelekeza domeni iende seva gani), zile rekodi zote, hasa za MX (za imeili), maana kama una imeili ya info@ na mkazisahau, barua za wageni zitapotea bila mtu kujua.

Ikitokea imeisha kabla hamjamaliza usipaniki, .com huwa kuna muda wa nyongeza wa kulipia kwa bei ya kawaida unaotegemea msajili, halafu siku 30 za kukomboa kwa bei ya kuumiza, ndo baada ya hapo siku 5 inaachiwa kwa yeyote. Lakini usifike huko.

DadaWaJambiani

Hiyo ya ndani kwa ndani ndo nimemwambia, anasema usiku akitoka kazini ataifanya. Nashukuru mno.

Mgeni_Njiani

Habari wakuu, nimesoma kichwa cha habari tu, tovuti ni bei gani?

Kibwengo

😂😂😂😂

FundiTovuti

@Mgeni_Njiani karibu mkuu. Unauza nini, wateja wako wanatoka wapi, picha za kazi zako unazo za kwako mwenyewe, na kuna mtu atakayekuwa anabadilisha bei kwenye hiyo tovuti zikipanda? Nijibu hayo manne hapahapa, bei nitakutajia kwa kila kitu kivyake, domeni peke yake, hosti peke yake, kazi yangu peke yake.

Mgeni_Njiani

Nauza samani Keko, vitanda na makabati. Picha ninazo ila nyingine nimezitoa Pinterest.

FundiTovuti

Za Pinterest zitoe. Piga za vitanda vilivyopo dukani sasa hivi, asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiweka na bei. Ukishakuwa nazo kama kumi rudi tuongee.